Umepewa kuandaa mkutano wa mwaka wa chama? Fuata njia hii

Wahandisi wana mkutano wao wa mwaka, wahasibu wana wao, vivyo hivyo mawakili, madaktari, maofisa ugavi na wakutubi. Na karibu kila chama huitupa kazi ya maandalizi kwa mtu ambaye hakuisomea: katibu msaidizi, ofisa utawala, au mwanachama kijana aliyeonekana ana bidii. Kama safari hii ni wewe, shika mwongozo huu. Mfano nitakaoutumia ni mkutano wa siku mbili, washiriki kama 300, mjini Arusha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mtu anayepanda basi kutoka Mtwara au Bukoba hafuati hotuba. Anafuata mada mbili tatu zitakazomsaidia kazini, pointi zake za mwaka za kujiendeleza kitaaluma, na wenzake wa fani. Kila uamuzi utakaofanya, uwe wa pesa, chakula au itifaki, jiulize unampa mtu huyo muda au unamla muda.

Kabla ya yote: jifunzie kwenye mikutano ya wengine

Kazi hii haijifunzwi kwa kukaa meza kuu. Jitolee meza ya usajili katika mkutano wa chama kingine, halafu safari nyingine uwe msaidizi wa fundi wa sauti. Kwenye usajili utajua kwa nini foleni inakwama, na ukiwa nyuma ya ukumbi utaona ni dakika ya ngapi watu wanaanza kutoka na simu sikioni. Omba nakala ya ratiba iliyochapishwa, uandike pembeni saa ambayo kila jambo lilianza kweli. Karatasi hiyo itakufundisha kuliko semina.

Ukitaka kuifanya iwe taaluma yako, upo mtihani wa CMP, cheti cha waandaaji wa mikutano, unaosimamiwa na Events Industry Council, ila unadai uwe na uzoefu kwanza. Na siku chama chako kikitamani kuleta nchini mkutano wa kimataifa, zifahamu takwimu za ICCA, shirika la sekta hii lililoanzishwa 1963. Mkutano unaoingia kwenye hesabu zake ni ule unaofanyika kila baada ya kipindi fulani, unaozunguka angalau nchi tatu na kuwa na washiriki wasiopungua 50. Mikutano hiyo huombwa miaka kadhaa kabla.

Hatua ya 1: Jua mnakutania nini

Mkutano mkuu na kongamano ni vitu viwili, ingawa mara nyingi hufungwa pamoja. Mkutano mkuu unatawaliwa na katiba ya chama: una siku za notisi, una akidi, una ajenda za lazima kama hesabu zilizokaguliwa na uchaguzi. Kongamano ni mada na mijadala. Fungua katiba kwanza, hesabu siku za notisi kurudi nyuma kutoka tarehe mnayoitaka, uibandike tarehe hiyo ukutani. Notisi ikichelewa hata siku moja, mwanachama mmoja anaweza kuupinga uchaguzi mzima, na atakuwa na haki.

Kisha andika ukurasa mmoja tu: nani anakuja, wangapi, waondoke na nini, nani analipa. Upeleke kwa kamati tendaji wausaini. Baadaye mtu akija na wazo la usiku wa tuzo na msanii wa kutumbuiza, utautoa ukurasa huo.

Kamati ya maandalizi iwe ya watu watano: mratibu, wa fedha, wa mada, wa usajili, na mmoja wa itifaki na usafiri. Kamati ya watu kumi na tano huzaa vikao, na vikao huzaa posho za vikao. Mratibu apewe mamlaka ya kusema hapana bila kuitisha kikao.

Hatua ya 2: Tarehe

Anza miezi tisa hadi kumi na miwili kabla. Chukua kalenda, ufute kwanza siku zisizowezekana. Ramadhani yote, na ongeza siku kila upande wa Idi kwa sababu hakuna ajuaye mpaka mwezi uandame. Pasaka. Saba Saba kwa Dar es Salaam, Nane Nane kwa miji yenye maonyesho ya wakulima. Dodoma iepuke Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiendelea, maana vyumba ni vya kugombania. Arusha nayo ina yake: kuanzia Juni hadi Oktoba ni msimu wa watalii, hoteli zinauza kwa dola na hazina haraka na chama chenu. Machi hadi Mei ni masika, bei hulegea, na kwa mkutano wa ndani mvua haina neno, labda mwe mmepanga chakula cha jioni bustanini.

Kama wanachama wengi ni watumishi wa umma, tazama pia mwaka wa fedha. Unaanza 1 Julai. Juni mafungu yamekauka, Julai fedha mpya hazijashuka. Kwa Arusha mimi huegemea Novemba: watalii wamepungua, na halmashauri zimekwishapokea angalau sehemu ya fedha zao.

Hatua ya 3: Ukumbi na mkataba wake

Arusha watu huanza na AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha. Jengo hilo lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika 1977, mwaka uliofuata pakawa kituo cha mikutano, na ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Ukumbi wake mkubwa, Simba, unaingiza watu zaidi ya elfu moja. Kwa watu 300 ni mkubwa mno: sauti itazurura na picha zitaonyesha viti vitupu. Omba ukumbi wa kati na vyumba vidogo vya vikao sambamba. Na kwa kuwa jengo lina mbawa tatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, barua ya mwaliko itaje ubawa na ghorofa, la sivyo asubuhi ya kwanza simu yako haitanyamaza.

Njia ya pili ni hoteli yenye ukumbi. Huko mtauziwa kifurushi cha siku kwa kichwa: ukumbi, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya jioni, maji, kalamu na daftari, wakati mwingine na projekta. Faida yake ni kwamba washiriki wanalala palepale. Hasara yake ni kwamba washiriki wanalala palepale, na saa nane mchana wapo wanaopanda vyumbani "kuchukua chaja" na hawarudi.

Nenda ukaone kwa macho, na uende siku ambayo kuna mkutano mwingine unaendelea. Piga makofi katikati ya ukumbi usikie mwangwi. Kaa kiti cha nyuma kabisa. Hesabu vyoo vya wanawake. Uliza jenereta huchukua sekunde ngapi kuwaka, na kama inabeba viyoyozi na ukumbi mzima au taa tu. Uliza nani yuko ukumbi wa jirani tarehe yenu: mkiwa na mada ya maadili ya ukaguzi huku jirani kuna kitchen party, mtasikia muziki wao wote.

Idadi ya watu inayotajwa kwenye vipeperushi ni ya viti vilivyopangwa safu bila meza. Mkiweka meza mtindo wa darasa, au meza za duara, chukua kama nusu ya idadi hiyo. Umbo la U liacheni kwa vikao vya watu thelathini.

Mkataba usomwe neno kwa neno, na mambo manne yasikupite. Kwanza, idadi ya uhakika, yaani idadi mtakayolipia hata wasipokuja. Msiandike 300 kwa sababu mnatumaini 300. Andikeni 220 na haki ya kuongeza hadi siku tano kabla, kwa kuwa hoteli hukubali kuongeza upesi na kupunguza kwa shida. Pili, vyumba vya kulala. Mkishika vyumba 100 na kujaza 60, nani analipia 40? Tafuteni tarehe ya kurudisha vyumba visivyochukuliwa bila faini. Tatu, masharti ya kufuta au kuahirisha, hasa kama mgeni rasmi ni kiongozi mkubwa ambaye ratiba yake hubadilika. Nne, kodi. Bei iliyoandikwa "bila VAT" ikiwa Sh 20,000,000 mtalipa Sh 23,600,000, maana kiwango cha kawaida Bara ni asilimia 18. Bajeti nyingi za vyama hupasuka hapo.

Hatua ya 4: Bajeti inayokuonyesha mahali pa hatari

Gawanya gharama mafungu mawili. Kuna zisizojali idadi ya watu: ukumbi, vyombo vya sauti, mabango, nauli na malazi ya watoa mada, usafiri wa sekretarieti. Kuna zinazopanda kwa kila kichwa: chai, chakula, mkoba, kitambulisho, cheti.

Tuseme fungu la kwanza ni Sh 36,000,000 na fungu la pili ni Sh 150,000 kwa mtu. Ada mkiweka Sh 300,000, kila mshiriki anaacha Sh 150,000 za kulipia fungu la kwanza. 36,000,000 ukigawa kwa 150,000 unapata 240. Mpaka watu 240 walipe, mko kwenye hasara. Wakija 200, mmepungukiwa Sh 6,000,000. Pandisha ada iwe Sh 350,000 na watu 180 wanatosha. Hesabu hii ya mistari mitatu ipelekwe kwenye kamati kabla ya mjadala wa ada haujawaka, kwa sababu mjadala wa ada bila hesabu hugeuka mashindano ya kuwahurumia wanachama.

Fedha za wadhamini usizihesabu mpaka ziingie benki. Barua ya "tunaunga mkono" si fedha. Mdhamini apewe banda karibu na meza ya chai, nembo kwenye bango, na dakika kumi za kuongea, basi. Ukimpa saa nzima katikati ya mada za kitaaluma, watu hujua wameuzwa.

Kila mzabuni atoe ankara kifani, na kila malipo yawe na risiti ya EFD. Kwenye huduma mtakazolipia, kumbukeni kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi. Mwambieni mpiga picha na mshehereshaji mapema kwamba itakatwa, msije mkabishana nao jukwaani siku ya mwisho. Weka pia fungu la dharura la asilimia kumi, na lisiguswe na kamati ya burudani.

Hatua ya 5: Mwaliko na usajili

Mtumishi wa umma haji kwa kuona tangazo kwenye kundi la WhatsApp. Anakuja kwa barua iliyoandikwa kwa mwajiri wake, Katibu Mkuu wa wizara au Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, inayotaja tarehe, mahali, ada, na kama chama kinalipa posho au mwajiri ndiye atakayegharamia. Hili la posho liandikwe waziwazi. Barua isiyolitaja huleta watu hamsini kwenye meza ya usajili wakiuliza bahasha. Tuma miezi mitatu kabla, na ukumbushe mwezi mmoja kabla.

Ada ya mapema iwe nafuu na iishie tarehe moja isiyosogezwa. Mkiisogeza mara moja tu, mwakani hakuna atakayewahi. Toa akaunti ya benki na lipa namba, na kila anayelipa apate uthibitisho siku hiyohiyo. Wapo watakaokuja na LPO, hati ya mwajiri ya kuahidi kulipa baadaye, badala ya fedha. Amueni kabla kama mnaikubali, na nani atafuatilia deni.

Orodha ya usajili ipange kwa jina la kwanza. Kwetu mtu anajulikana kwa jina lake, na ukipanga kwa la ukoo, foleni itasimama kila anapofika mtu mwenye majina matatu. Kitambulisho kiwe na jina kubwa linalosomeka hatua tatu mbele, pande zote mbili, maana hugeuka. Vyeo kama Mhandisi, Wakili, Dk. na CPA usiviache. Watu wamevitolea jasho.

Namba za simu na barua pepe mlizokusanya si za kuwagawia wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Anayetaka taarifa zake zitolewe aseme mwenyewe kwenye fomu.

Hatua ya 6: Ratiba, na suala la mgeni rasmi

Hapa ndipo mikutano yetu hufia. Ratiba ya kawaida huandika ufunguzi saa 3:00. Mgeni rasmi anafika saa 4:30. Mwenyekiti wa chama anamkaribisha mkuu wa wilaya, ambaye anamkaribisha mkuu wa mkoa, ambaye anamkaribisha waziri, na kila mmoja ana salamu zake. Saa 6:30 watu wanapata chai, na mada tatu za asubuhi zinakufa.

Mimi huanza na mada. Usajili saa 1:30, mada ya kwanza saa 2:30, chai saa 4:00, ufunguzi saa 4:30, picha ya pamoja saa 5:30. Mgeni akichelewa, mtoa mada wa pili anapanda na hakuna aliyepoteza kitu. Asipofika kabisa na kutuma mwakilishi, ratiba haijui. Wazee wa itifaki hupinga mwanzoni, wakidai si heshima mkutano kuanza kabla haujafunguliwa. Waambie hicho ni kipindi cha mafunzo ya awali, na kwenye ratiba kiandike hivyo.

Rasimu ya hotuba mara nyingi itaandikwa na nyinyi. Ipelekeni wizarani wiki tatu kabla, kurasa nne, ikiwa na mambo mawili mnayoomba yatamkwe. Mshehereshaji ataje viongozi wote kwa ukamilifu mara moja, na wengine wote mkubaliane nao kwamba watasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Ni robo saa mmeiokoa. Na fikirini mara mbili kabla ya kumwalika kiongozi wa ngazi ya juu kabisa ya taifa: heshima ni kubwa, lakini ukaguzi wa usalama utawataka washiriki wawe wamekaa saa nyingi kabla, na nusu siku imekwenda.

Kwa mada za kawaida, dakika 20 za kueleza na 10 za maswali. Mwenyekiti wa kikao achaguliwe kwa uwezo wa kumkatisha mtu, si kwa umri. Mpe kadi mbili, moja imeandikwa "dakika 5", nyingine "muda umekwisha". Waulizaji wapewe maikrofoni inayoshikwa na mhudumu. Ukimwachia mchangiaji maikrofoni mkononi, atakupa historia ya chama tangu kianzishwe. Siku ikiwa Ijumaa, mapumziko yaanze saa 6:30 hadi saa 8:00, Waislamu waende msikitini na warudi wakute chakula chao kimetunzwa.

Mkiwa na wageni kutoka nje, andikeni saa kwa namna zote mbili. Mgeni wa Lusaka akiona 2:30 atakuja mchana.

Hatua ya 7: Vyombo, wakalimani, chakula

Mada zote zikusanywe jioni ya jana yake, ziwekwe kwenye kompyuta moja na kujaribiwa kwenye projekta yenyewe. Anayekuja asubuhi na flashi yake asubiri mapumziko. Kompyuta iwe na betri inayoshika chaji, projekta na mitambo ya sauti viwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, ili umeme ukikatika mtoa mada aendelee wakati jenereta inaamka. Intaneti ya bure ya hoteli haibebi watu 300 pamoja na mtoa mada wa mtandaoni. Omba laini ya peke yake kwa jukwaa.

Ukalimani wa papo kwa papo hufanywa na watu wawili kwa kila lugha, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi. Mzabuni anayewaambia mmoja anatosha siku nzima anawauzia uchovu. Wapeni wakalimani mada na orodha ya istilahi siku kadhaa kabla. Mkalimani hodari wa siasa anaweza kukwama kwenye "amana za dhamana" kama hajaliona neno hilo.

Chakula kitaamuliwa na foleni zaidi ya mapishi. Kwa kila watu mia omba meza moja ya kujihudumia inayofikika pande zote mbili. Nyama na samaki viwekwe mwisho wa meza, baada ya wali na mboga. Kwa uzoefu wangu mipango hii miwili ndiyo inayozuia chakula kuwaishia watu wa mwisho.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mratibu asiwe na kazi maalumu siku hiyo. Asishike maikrofoni, asisajili, asikae meza kuu. Azunguke. Sekretarieti iwe na kundi dogo la simu la watu wa kazi tu, na kila jioni wakutane kwa dakika ishirini wakiwa wamesimama.

Teua waandishi wawili wa maazimio tangu asubuhi ya kwanza. Maazimio yanayoandikwa saa ya mwisho huwa ya "kuendelea kuhimiza". Azimio liwe na mtendaji na tarehe. Dodoso la tathmini liwe na maswali matano, na cheti kitolewe kwa anayelirudisha. Cheti kisitolewe asubuhi ya siku ya pili, isipokuwa kama unapenda kuhutubia viti.

Hatua ya 9: Baada ya wageni kuondoka

Ndani ya wiki moja: barua za shukrani kwa wadhamini na watoa mada, mada zote kwa washiriki, pointi zao ziwasilishwe kwenye bodi husika. Ndani ya mwezi: masurufu yarejeshwe na risiti zake, wazabuni wamaliziwe, na taarifa ya mapato na matumizi iende kwa kamati ikionyesha ilivyopangwa na ilivyokuwa, sanjari.

Kisha fungua jalada la mratibu ajaye. Humo weka mkataba wa ukumbi, bajeti halisi, orodha ya wazabuni pamoja na maoni yako ya kweli kuhusu kila mmoja, idadi ya waliolipa wiki kwa wiki, na ile ratiba yenye saa zilizoandikwa pembeni kwa kalamu. Kabla hujalifunga, pigia ukumbi uulize tarehe za Novemba mwakani, maana nzuri huwahiwa.